Ndoo tatu, kigari kimoja

Wiki iliyopita nimelala wodini siku nne, juu ya kiti cha plastiki, nikimuuguza mama mdogo. Sukari yake ilipanda, ila kwa sasa hajambo.

Alfajiri ya siku ya pili akaja dada wa usafi. Ukutani, juu ya ndoo tatu, pana bango zuri kabisa: bluu taka za kawaida, njano zenye maambukizi, nyekundu zile za hatari zaidi. Dada akafungua mfuko mmoja mkubwa mweusi, akamimina ya bluu, akamimina ya njano, akamalizia na nyekundu, kisha akashindilia ili mfuko ufungike. Kwa mkono! Glavu zenyewe zile nyepesi za kupimia wagonjwa, moja imechanika kidole gumba. Miguuni kandambili.

Mdomo wangu mnaujua. "Dada, mbona unachanganya?"

Hakukasirika. "Mifuko ya rangi imeisha tangu Jumatatu, dada'angu. Na hata ningetenga, kule nyuma kigari ni kimoja."

Kila taka za hospitali zikitajwa, wimbo ni uleule: watumishi waongezewe uelewa. Basi inaitishwa semina. Posho, maji ya chupa, picha ya pamoja. Waliojaa ukumbini ni wale wanaotupa. Anayebeba hakualikwa, maana yeye si mtumishi wa hospitali, ni wa kampuni iliyoshinda zabuni ya usafi. Nina binamu nesi: ukimwamsha usiku wa manane atakwambia sindano hairudishiwi kifuniko na boksi la sindano linafungwa likifika robo tatu. Anajua, jamani. Kujua kwake hakununui mfuko wa njano.

Na hii hesabu ndiyo inaniumiza. Shirika la Afya Duniani linasema takriban 85 katika kila 100 za taka za hospitali ni takataka za kawaida tu, makaratasi na mabaki ya chakula. Za hatari ni kama 15. Ukizimimina pamoja, zote 100 zimekuwa za hatari, halafu tunaambiwa kichomea taka kimezidiwa. Kitaacha kuzidiwa?

Anayelipia ni yule mwenye kandambili. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika 30 kwa 100. Kwa VVU, ambavyo ndivyo tunavyoviogopa wote, ni kama 3 kwa 1,000. Chanjo ya homa hiyo ipo, dozi tatu. Nikamuuliza kama amechanjwa. "Chanjo ya nini?" Amewahi kuchomwa na sindano iliyotupwa? Amewahi. Alikamua damu, akanawa kwa Jik (yote mawili makosa), akaendelea na deki. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, lakini kumwambia msimamizi wake ni kujitafutia barua ya uzembe. Ilikuwa lini?

"Ya mwisho?" akaniuliza.

Haya, na sisi tunaouguza si malaika. Kwenye ndoo nyekundu niliona ganda la ndizi na mfuko wa chipsi, na mwenye chipsi alikuwa kitanda cha jirani, anatutazama hivihivi. Na ndiyo, bajeti finyu, tumesikia. Ila hospitali hiyohiyo ilipata hela ya kuchapa bango la rangi na kulitia kwenye fremu ya kioo. Moshi wa kichomea taka unaoingia kwenye nyumba za watu nitauandikia siku nyingine, leo nitapasuka.

Mama mdogo aliruhusiwa Ijumaa. Tumepewa insulini ya kuchoma nyumbani asubuhi na jioni, tukaelekezwa kuitunza kwenye friji, wapi pa kuchoma, saa ngapi ale. Sindano zilizotumika tuzipeleke wapi, hakuna aliyesema, na mimi mjuaji wala sikuuliza. Mpaka naandika hapa zipo 11 kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, na Jumamosi yule kijana wa taka anapita na mkokoteni wake, peku.