Tusiangalie mwimbaji tu, angalieni nani anatunga
Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema bendi ya rock ikipoteza mwimbaji ndo basi tena, mi nakataa. Kwani alikuwa anatunga nani? Bendi ya AC/DC walifiwa na mwimbaji wao Bon Scott Februari 1980, Julai mwaka huohuo wakatoa albamu ya Back in Black na mwimbaji mpya Brian Johnson na ikauza balaa, sababu Angus na Malcolm Young walikuwepo na magitaa yao, muziki walitunga wao, Johnson akaja na mashairi. Sasa bendi ya Fleetwood Mac ni kesi nyingine kabisa, walianza na blues ya mpiga gitaa na mwimbaji wao Peter Green, halafu albamu ya 1975 wameshaingia Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, wote watunzi, na Christine McVie alikuwa tayari yumo anaandika zake, yaani watunzi watatu kwenye bendi moja, 1977 ikatoka albamu ya Rumours. Jina lilelile ila ukisikiliza aisee ni bendi nyingine, waliobaki toka enzi za blues ni mpiga dramu na mpiga besi tu (Mick Fleetwood na John McVie, na jina la bendi ni lao hao wawili). Bendi ya Genesis nao watu wanamlaumu bure Phil Collins, mpiga dramu aliyegeuka mwimbaji, eti ndo aliyebadilisha muziki wao. Mwimbaji wa kwanza Peter Gabriel aliondoka 1975 na albamu iliyofuata bado ni proge ileile (rock ya nyimbo ndefu zenye mambo mengi), mi naona walianza kubadilika zaidi baada ya mpiga gitaa Steve Hackett kutoka 1977. Huyo Hackett mbona kwenye makala hamjamtaja hata mara moja??