Boliti za Hell's Gate: nani atarudi kuzikagua?

Ukiingia Hell's Gate, hifadhi ya taifa karibu na Naivasha, Kenya, kwa geti la Elsa, kinachokuvuta macho kwanza ni Fischer's Tower, jabali la mita 25 hivi lililojisimamia peke yake kando ya barabara. Chini yake huwakosi vijana wenye kamba na kofia ngumu, na pimbi waliokwisha kuzoea kuombaomba mikate ya watalii. Mgeni ambaye hajawahi kupanda mwamba maishani mwake anafungwa kamba iliyopitishwa juu, anapanda, anapigwa picha, anashuka. Mwendo mfupi kutoka hapo ni ukuta mkubwa wa korongo, na huko hakuna wa kukupitishia kamba. Mpandaji hubeba kabari zake za chuma, akazipachika moja moja kwenye nyufa kadiri anavyopanda, na mwenzake wa nyuma huja akizing'oa. Wakiondoka, mwamba unabaki ulivyokuwa.

Kati ya ule mnara wa Fischer na ule ukuta ndipo penye mvutano. Wapo wanaotaka sehemu zaidi za korongo zitobolewe na kufungwa boliti za kudumu, ili mtu apande kwa mtindo unaojulikana sasa duniani kote: unachomeka karabina, yaani pete ya chuma yenye kilango, kwenye boliti iliyopo, unapitisha kamba, unasonga mbele. Wengine hawataki kusikia mlio wa drili.

Wanaotaka boliti wana hoja nzito, tena nadhani wapinzani wao huikwepa. Seti kamili ya kabari, hasa zile za kufunguka kwa springi, ni mali ya mtu mwenye kipato, na kujifunza kuzipachika vizuri huchukua misimu kadhaa chini ya mtu anayejua. Kwa miaka mingi, njia ya kumpata mtu huyo imekuwa kupitia Mountain Club of Kenya, klabu ya wapanda milima iliyoanzishwa 1949, enzi ambazo wanachama wake walikuwa walowezi. Kijana wa Naivasha anayeongoza watalii pale mnarani kila siku anaweza kuwa na vidole imara kuliko mwanachama yeyote, na bado ukuta ule mkubwa ukabaki wa kutazama tu. Kwenye njia ya boliti angehitaji kamba, mkanda, viatu na karabina kadhaa, basi. Na tangu mchezo huu uingie kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021, vijana wanaojifunzia kwenye kuta za bandia za Nairobi wanatafuta mahali pa kupanda mwamba halisi bila kuanza upya kabisa.

Kuna na la mwamba wenyewe. Hili ni jiwe la volkano, sehemu nyingi limegawanyika kuwa nguzo zilizosimama wima. Kabari ya springi hushika kwa kusukuma pande zote mbili za ufa. Ikiwa upande mmoja ni nguzo isiyoshikana vizuri na ukuta, ukianguka kabari inaweza kuisukuma nguzo nje badala ya kukushika wewe. Boliti iliyowekwa kwenye uso mzima wa jiwe haina shida hiyo.

Upande wa pili huanza na hoja ya usafi wa mwamba, na hapo ndipo hunipoteza. Ndani ya hifadhi hii kuna mabomba ya mvuke na mitambo ya umeme ya Olkaria, iliyoanza kuzalisha 1981, miaka mitatu kabla hifadhi yenyewe haijatangazwa. Kulalamikia chuma chenye unene wa kidole kidogo, huku umesimama mahali unaposikia mvuke ukifoka, kunahitaji uso mkavu. (Ila wanaotaka boliti wasije wakageuza maneno: eti pamekwisha kuharibika, kwa hiyo tuendelee kuharibu.)

Hoja yao iliyo nzito zaidi ni ya ndege. Kwenye magenge haya huzaliana tumbusi wa Rüppell, ambao tangu 2015 wamo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Jike hutaga yai moja tu, na kinda hukaa miezi mingi kabla ya kuruka. Njia ya kabari hupata watu wachache kwa sababu ni ngumu na inatisha. Ukiifunga boliti, wikendi zote itakuwa na foleni. Chuma chenyewe hakimsumbui ndege, foleni ndiyo inayomfukuza kiotani.

Mimi naona wote wawili wanabishania siku ya kutoboa, wakati tatizo liko miaka kumi baadaye. Tazama boliti inavyowekwa: unatoboa tundu la milimita 10 au 12, unapuliza vumbi lote litoke, unagonga chuma kiingie, unakaza nati kwa spana mpaka kishike. Kazi ya robo saa kwa fundi. Baada ya hapo jua na mvua hufanya yao, na katika bonde lenye gesi ya salfa kutoka ardhini sitegemei chuma cha bei rahisi kidumu. Nati hulegea kwa kuchezeshwa na wapandaji. Boliti iliyooza ndani ya tundu, kwa nje hung'aa kama mpya, na anayefika juu yake akiwa mita tatu zaidi ataanguka zaidi ya mita sita kabla kamba haijamshika, ikiwa itamshika.

Na hifadhi hii inajua maana ya ajali. Mafuriko ya ghafla yaliua watu ndani ya korongo Aprili 2012, yakaua tena Septemba 2019, na korongo likafungwa. Boliti moja iking'oka na mtu akafa, sioni wasimamizi wakiuliza ilikuwa njia ipi. Wataufunga ukuta wote, wa kabari na wa boliti.

Kwa hiyo ningekubali boliti, kwa masharti. Ziwekwe kwenye nyuso fupi zisizo na ufa, karibu na mnara, wala si kwenye nyufa ambazo watu wamezipanda kwa kabari kwa miongo mingi. Palipo na viota pafungwe msimu wa kuzaliana, jinsi Yosemite kule Marekani wanavyofunga baadhi ya kuta kila mwaka kwa ajili ya ndege aina ya kozi. Ukaguzi wapewe waongozaji wa pale mnarani, walipwe kutokana na ada ya kuingilia, kwa sababu wao ndio wapo kila siku na riziki yao inaning'inia kwenye vyuma hivyohivyo. Kila boliti iwe na tarehe na jina la aliyeiweka na aliyeikagua mwisho. Wazee wa klabu watasema huo ni mlango wa kuingizia drili kila mahali, na vijana watasema ni urasimu wa kuwachelewesha. Huenda wote wana haki. Lakini kama hakuna aliye tayari kuandikwa jina, drili na ibaki Nairobi.