Shuka kwenye nyonga si huduma ya kimaskini

Kaa kwenye benchi la nje ya chumba cha dharura, Arusha au Moshi, jioni ya mwisho wa mwezi. Hukawii kuisikia lawama hii: kijana kaletwa kagongwa, nyonga imevunjika, damu inavuja ndani kwa ndani, na walichomfanyia ni kumfunga shuka. Shuka! Ndugu wanaona wametukanwa. Na si ndugu peke yao. Wapo wataalamu wanaosema Kanda ya Kaskazini inapoteza muda kufundisha watu, bodaboda wakiwemo, kufunga vitambaa, wakati inachohitaji ni angiografia: mrija unapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kwenye ateri inayovuja (ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni), ateri inazibwa kwa ndani, habari imeisha.

Hoja yao si ya kubeza. Ateri iliyochanika nyuma ya nyonga haisikii shuka wala mkanda wa hospitali wa kubania nyonga. Mgonjwa ambaye ameshafungwa na kuongezewa damu, na presha bado inaporomoka, huyo anahitaji mshipa uzibwe, na Muhimbili, Dar es Salaam, ambako madaktari wa fani hiyo wamekuwa wakifundishwa tangu 2018, ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Moshi. Hafiki. Wanaongeza pia, na ni kweli, kwamba tafiti zimeonyesha mkanda unarudisha mifupa mahali pake, ila kwamba unapunguza vifo bado halijathibitika vya kutosha. Ukiachwa muda mrefu unachubua ngozi hadi kidonda. Na aliyegongwa ubavuni, nyonga yake ikawa imejikunja kwa ndani, ukimkaza kwa nguvu unaweza kumzidishia.

Sasa tuulize damu yenyewe inatoka wapi. Kwa walio wengi, makadirio ya kawaida ni asilimia 80 hadi 90, haitoki kwenye ateri. Inatoka kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, na kwenye mfupa wenyewe uliopasuka. Damu ya vena haina msukumo mkubwa. Ikibanwa, inatulia na kuganda. Lakini nyonga ikiachana kwa mbele, nafasi ya ndani inatanuka, na damu inajaa humo lita baada ya lita bila hata tone kuonekana kwenye suruali. Mwendesha bodaboda anayegonga kitu uso kwa uso anateleza mbele, kinena kinapiga tenki la mafuta, na nyonga inapasuliwa katikati. Halafu wasamaria wema wanafanya nini? Wanamnyanyua, wanampandisha kwenye bodaboda nyingine, mmoja nyuma anamshikilia, mshikaki, miguu imetanuliwa huku na huku ya kiti. Kile kile kilichoachana kinazidi kuachanishwa hadi hospitali.

Shuka linazuia hilo. Lakini lifungwe pake, na hapa ndipo lilipopatia jina baya. Sisi kitambaa chochote tunakifunga kiunoni. Mkono unakwenda wenyewe, kama mtu anayejifunga khanga asubuhi. Kiunoni si pake. Shika ubavu wa paja, pale mfuko wa suruali unapofungukia: kuna mfupa umejitokeza. Katikati ya shuka ipite hapo, kulia na kushoto. Shuka zito la Kimasai lililokunjwa hadi upana wa shibiri moja na nusu hivi linafaa kuliko khanga, maana khanga inateleza na kujisokota ikawa kamba. Usimbiringishe mgonjwa, pitisha kitambaa chini ya magoti, palipo na uwazi, kisha kivute taratibu hadi juu. Kaza mpaka miguu irudiane, funga, halafu funga magoti yakiwa pamoja, vidole vya miguu vikitazamana. Na mtu asijaribu kuibonyeza nyonga "kupima kama inacheza". Ikicheza, umeshang'oa bonge la damu lililokuwa limeanza kushika.

Nimewahi kumwona nesi akimpokea majeruhi aliyefungwa vizuri kabisa, fundo zuri, shuka safi, juu mno kwa kiganja kimoja. Hakumlaumu mtu. Alilegeza, akalishusha, akakaza tena, akaanza kutafuta mshipa wa kuwekea dripu.

Kinachonikera katika mjadala huu ni kwamba mashine inapimwa kwa ubora wake na shuka linapimwa kwa bei yake, wakati cha kupimwa ni saa. Chukua dawa moja ambayo haina ubishi mkubwa, asidi ya traneksamiki, inayozuia bonge la damu lisiyeyuke. Mwaka 2010 utafiti uitwao CRASH-2, wa majeruhi 20,211 katika nchi 40, ulionyesha vifo asilimia 14.5 kwa waliopewa dawa, 16.0 kwa wasiopewa. Tofauti inaonekana ndogo. Mwaka uliofuata takwimu zikapangwa upya kwa muda. Waliotibiwa ndani ya saa moja tangu kuumia: waliokufa kwa kuvuja damu ni asilimia 5.3, dhidi ya 7.7. Waliotibiwa baada ya saa tatu kupita (za kuhesabu, si saa tatu ya ukutani): 4.4 kwa waliopewa dawa, 3.1 kwa wasiopewa. Rudia kusoma hizo mbili za mwisho. Dawa ile ile, dozi ile ile, imegeuka upande.

Mimi namba hizo hazinitoki kichwani kila nikipita Bomang'ombe, kati ya Moshi na Arusha. Tuseme ajali imetokea hapo saa moja jioni. Kusubiri gari. Kubishana nani aende polisi kufuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ambayo ingeweza kufuata baadaye. Zahanati ya kwanza, dripu mbili za maji ya chumvi yanayozimua damu mpaka isigande. Rufaa. Chumba cha angiografia hata kingekuwa Moshi mjini, huyu anakifikia akiwa ameshatumia saa zake zote, na timu bado inapigiwa simu.

Uingereza, ambako mashine hazikosekani, walijaribu puto linalopitishwa kwenye mshipa mkubwa ili kuzuia damu isishuke kwenye nyonga na tumbo. Matokeo ya 2023: wagonjwa 90 katika hospitali 16, na ndani ya siku 90 walikufa asilimia 54 ya waliopangiwa puto, 42 ya waliopata matibabu ya kawaida. Utafiti mdogo, na si wote walikuwa wa nyonga. Lakini dakika za kuhangaika na puto zilikuwa na gharama yake.

Sipingi angiografia ijengwe kaskazini. Ijengwe. Ila kabla yake kuna mambo yanayofanyika leo usiku. Mpasuaji anaweza kufungua juu kidogo ya kinena na kushindilia gozi, vile vitambaa vya kufungia vidonda, kuizunguka nyonga bila kuingia tumboni. Mwongozo wa kimataifa wa 2017 unasema njia hiyo ifikiriwe hasa pale pasipo na angiografia. Damu iwe kwenye jokofu: kituo cha Damu Salama cha kanda kiko Moshi, na bado ndugu wanaambiwa watafute wa kuchangia mgonjwa akiwa tayari mezani.

Wanaopinga kuwafundisha bodaboda kufunga nyonga wanasema watakosea. Watakosea, ndiyo, kwa kiganja kimoja, na nesi atalishusha. Anayeletwa mshikaki hana cha kushushiwa.