Quhilk si mfarishi

Wiki iliyopita nilikaa kwenye semina moja hapa Glasgow, kikombe cha karatasi mkononi, nikimsikiliza bwana mmoja anayesema Kiskoti, lugha ya hapa Scotland, ni Kiingereza kilichokosewa tahajia tu, kwa hiyo programu yoyote ya kusahihisha maneno inatosha kusoma hati zake za kale. Watu wakacheka. Mimi nilinuna mpaka chai ikapoa. Zaidi ya watu milioni 1.5 waliiambia sensa ya 2011 kwamba wanazungumza Kiskoti. Wote hao ni makosa ya tahajia?

Nilirudi nyumbani nikafanya alivyoshauri. Nikachukua *quhilk*, neno lililojaa kwenye hati za ardhi za karne ya 16. Ni *which* ya leo, "ambayo". Nikaiachia kompyuta ihesabu umbali wa Levenshtein: herufi ngapi zifutwe, ziongezwe au zibadilishwe. Kutoka *quhilk* hadi *which*, hatua 4. Kutoka *quhilk* hadi *quilt*, hatua 2. Basi "ardhi ambayo" ikawa "ardhi mfarishi". Hongereni, wataalamu.

Hesabu yenyewe, ya mwaka 1965, haina kosa. Kosa ni kudhani kila herufi ina bei ileile. Karani wa Edinburgh aliyeandika *quh-* mwaka 1550 hakuteleza kalamu. Sauti ile ndivyo ilivyoandikwa: *quhat* (nini), *quhen* (lini), *quhair* (wapi). Baadaye ikawa *whit*, *whan*, *whaur*. Panda kaskazini-mashariki, upande wa Aberdeen, utasikia *f*: *fit*, *fan*. Mtu wa huko akikuambia "Fit like?" anakujulia hali, hakuulizi habari za mazoezi.

Bibi yangu wa Mombasa alikuwa akiniita "ndoo", akisema "ndia" na "mato". Mwalimu mmoja wa shule aliniambia bibi anakosea, na mpaka leo namdai. Ukishajua kwamba nj ya Unguja huwa nd ya Mvita, na ch huwa t, unaoanisha maneno chungu nzima kwa mkupuo. Kiskoti nacho kipewe haki hiyo. *Quh* kwenda *wh* iwe bure. *Wh* kwenda *f* iwe bure pia, ila kwa maandishi ya kaskazini-mashariki tu. *Z* ihesabiwe kama *y* pale mchapaji alipokosa ile herufi ya kale ya yogh akapachika z. (Ndiyo maana jina Menzies wenyewe hulitamka "Mingis". Programu ya kusahihisha itatoa wapi hilo?) Kila hati iingie na mwaka wake na mahali ilipoandikwa, kwa sababu bila hivyo kompyuta inapiga ramli. Wala msiniambie hakuna pa kuanzia. Kamusi kubwa ya Kiskoti cha kale ilianza kuchapwa 1931, ikamalizika 2002, juzuu 12, kila kidahizo na msururu wa maumbo yake. Watu wamezeeka juu ya kazi ile.

Na Soundex, ile mbinu inayolipa kila neno msimbo wa herufi yake ya kwanza na tarakimu tatu za sauti zinazofuata? Haya, nakubali shingo upande kwamba inafanya kitu. *Nicht* na *night* zote ni N230. *Guid*, *gude* na *gweed* ya Aberdeen zote G300. Nilifurahi dakika mbili, kisha nikaona *God* na *goat* nazo ni G300. Wema, Mungu na mbuzi, kapu moja. Halafu kwa kuwa inang'ang'ania herufi ya kwanza, *quhat*, *whit* na *fit*, neno lilelile, linapewa milango mitatu. Ijaribu kwa Kiswahili ucheke: kufa, kufua, kofia na kubwa, zote K100. Ilipewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya kupanga majina ya watu. Ikapange majina.

Kuna wanaosema Waskoti wachague tahajia moja yaishe, kama sisi tulivyochaguliwa Kiunguja 1928. Kwa vitabu vya shule sibishi sana. Lakini karani wa 1550 hatafufuka akaandike upya. Ninachotaka nikitafuta neno moja ni kuletewa ndugu zake wote, kila mmoja na nguo zake alizokuja nazo. Karne ya 18 walianza kupachika ritifaa za kuomba radhi, *wi'* (with) na *o'* (of), kana kwamba neno limeibiwa herufi ya Kiingereza. Leo tunataka mashine iombe radhi kwa niaba yao.

Jana usiku niliiwekea programu yangu kanuni ya *f* na *wh*, kisha nikaipa utani wa Aberdeen: "Fit fit fits fit fit?" Mguu upi unafaa mguu upi, kwa sababu *fit* ni "upi" na *fit* hiyohiyo ni mguu. Ikanirudishia *what* nne na *fits* moja katikati. Nikazima taa.