SSD kwenye kompyuta kuukuu: pima kabla ya kununua

Kompyuta ya steshenari mjini Moshi ikichukua dakika tatu kuwaka, huku mteja amesimama na flashi mkononi, mafundi wengi wana jibu moja: weka SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Mara nyingi wako sahihi. HDD, diski ya zamani yenye sahani, inayozunguka mara 5,400 kwa dakika husogeza mkono wake kila inapotafuta faili, na kila utafutaji hula milisekunde 10 au zaidi. SSD hutumia karibu 0.1. Windows ikiwaka hufungua maelfu ya faili ndogondogo, na hapo ndipo tofauti inapoonekana. Hata mashine yenye SATA II, njia ya zamani ya kuunganisha diski isiyovuka MB 300 kwa sekunde, hunufaika. Wanaobisha kwamba SSD haisaidii mashine kuukuu hupima kwa kunakili muvi, yaani faili moja kubwa.

Wana hoja nyingine nzito zaidi, RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager: RAM ikijaa, Windows huazima nafasi kwenye diski, nayo diski huonyesha matumizi ya asilimia 100. Hapo diski inasingiziwa. Kama ni GB 4, anza kuongeza zifike 8. Tena Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na SSD haiwezi kuipa mashine TPM 2.0, kifaa cha usalama kinachodaiwa na Windows 11. Lakini SSD ya SATA ya inchi 2.5 unaweza kuihamishia kwenye mashine nyingine, kwa hiyo pesa haipotei yote.

Ukiamua, kagua tundu kwanza. SSD nyembamba ya M.2 inayotumia NVMe, njia ya kasi zaidi ya SATA, huweza kuingia vizuri kwenye tundu la M.2 linalokubali SATA pekee, kisha isionekane kabisa. Ukihamisha kila kitu kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kutoka GB 500 kwenda 240, punguza kwanza patisheni (sehemu za diski), la sivyo itagoma. Kama BitLocker, ufungaji wa diski wa Windows, imewashwa, hifadhi ufunguo wake kabla ya kugusa chochote. Mashine iliyojaa virusi vya flashi za wateja usiihamishe. Sakinisha Windows upya. Na ukiuziwa "TB 1" kwa bei ya kutupa, ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, kabla ya kuiamini: feki hupokea data kisha huipoteza.

Kwa wapiga picha za safari wa Arusha, nisingeshauri SSD peke yake. HDD mara nyingi hugonga na kukwaruza kabla ya kufa, SSD huweza kuzima ghafla, na kilichofutwa huwa vigumu kurudi kwa sababu ya TRIM, amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya faili zilizofutwa. Programu zikae kwenye SSD, picha ziwe na nakala mbili. HDD iliyotolewa unaweza kuiweka kwenye kasha la USB ikawa nakala mojawapo, mradi CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, isionyeshe rangi ya njano wala nyekundu.