Kusikiliza ni Kazi, Ilipwe Kama Kazi

Sifa wanayopewa sana wanawake wa Uganda walio katika saikolojia ndiyo inayowaumiza mfukoni. "Wanawake wamejaliwa kusikiliza," husema wakubwa kwenye warsha, na ukumbi mzima ukaitikia. Alichojaliwa mtu na Mungu, nani atakitolea mshahara? Ndipo unapomkuta kaunsela mwenye shahada yake anaishi kwa mkataba mfupi wa mradi. Mradi ukifungwa, naye anafunga virago, na aliyekuwa akiandika ripoti kutokana na jasho lake anabaki kitini akingoja mfadhili mwingine. Hata ssenga, shangazi anayemfunda binti kabla ya ndoa, hupewa gomesi yake, vazi la heshima, siku ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni, na hakuna anayethubutu kumwambia kwamba yeye amejaliwa tu.

Sisemi hatujasogea. Makerere ilipoanza kupokea wanawake mwaka 1945, walikuwa sita, na kaulimbiu ya chuo hadi hapo ilikuwa "Tuwe wanaume". Ikabidi ibadilishwe. Mwaka 1990 serikali ikaanza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wanapoomba nafasi katika vyuo vikuu vya umma. Wapo waliolalamika kwamba shahada zingeshuka thamani. Malalamiko hayo sijayasikia anapopenyezwa mtoto wa mkubwa.

Lakini kuingia darasani hakujawahi kumhakikishia mwanamke heshima ya kazi hii, hata huko ilikokomaa mapema. Kule Marekani, Mary Whiton Calkins alitimiza masharti yote ya udaktari Harvard katika miaka ya 1890, akanyimwa shahada kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1905 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo. Margaret Washburn akashika nafasi hiyo mwaka 1921. Kisha kimya, hadi Anne Anastasi mwaka 1972. Miaka 51! Kwa hiyo mtu akiniambia tusubiri, muda utarekebisha mambo, huwa namuuliza ni muda upi.

Na Uganda si mgeni katika historia ya taaluma hii. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi ya utafiti. Akaanza kutembelea akina mama wenye watoto wachanga katika vijiji vya karibu na mji, akiwa na mkalimani, akitazama mtoto anavyolia mama akiondoka na anavyotulia akirudi. Kitabu chake cha mwaka 1967 kilitoka kwenye nyumba hizo, na hayo aliyoyaona yakawa sehemu ya msingi wa nadharia ya mapenzi ya mtoto kwa mlezi, inayofundishwa leo dunia nzima. Mwanafunzi wa saikolojia anayemaliza shule bila kujua kwamba mambo hayo yalionekana kwanza hapa Buganda, mimi namhesabu ameibiwa.

Kisha ikaja UKIMWI. Noerine Kaleeba, mtaalamu wa fiziotherapia, alifiwa na mumewe mapema mwaka 1987, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na UKIMWI. Hospitali wakati huo hazikuwa na dawa ya kumpa mgonjwa. Walichokuwa nacho ni kukaa naye, kumsikiliza, kumsaidia aseme nyumbani kile asichoweza kukitamka. Kazi ya ukaunsela katika nchi hii ilipata uti wa mgongo kutokana na msiba wa watu kama hao, wengi wao wanawake, ambao hawakungoja cheti cha kuwaruhusu. Leo daktari bingwa wa akili Etheldreda Nakimuli-Mpungu anatibu kwa vikundi watu wenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na kazi yake imepata tuzo za kimataifa. Wapo, basi, waliofika juu.

Tatizo linaanza chini yao. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai: watu wa kawaida wa hapohapo, waliofunzwa kwa wiki mbili, waliongoza vikundi vya wenye sonona, na sonona ikapungua sana. Ni habari njema kweli. Ila wenye kupanga bajeti waliisoma wanavyotaka wao. Kama wiki mbili zinatosha, za nini gharama za mwanasaikolojia? Wanasahau kwamba viongozi wale walifunzwa na wataalamu, wakasimamiwa na wataalamu. Mtu wa kujitolea asiye na wa kumuuliza, anayesikia habari za kubakwa na kuuawa asubuhi hadi jioni, ataugua yeye.

Nenda makazi ya wakimbizi kama Nakivale. Wakongo wengi pale wanazungumza Kiswahili, na kaunsela kutoka Kampala mara nyingi hakijui vizuri. Anayebeba mazungumzo ni mkalimani, tena mara nyingi mwanamke, mkimbizi mwenyewe, anayejua wapi pa kunyamaza na swali lipi lisiulizwe mbele ya mtoto. Analipwa posho ya kutafsiri. Mimi ningeanza na huyo: saa zake zihesabiwe kama mafunzo kazini, zimpeleke kwenye diploma, na kikao alichokibeba kiandikwe kwa jina lake pia. Pesa za warsha moja ya hotelini zingetosha kuanza.