Desemba Uchaggani: Je, Safari Moja kwa Mwaka Inashika Undugu?

Kila Krismasi inapokaribia, stendi za mabasi za Dar es Salaam hujaa Wachagga wanaorejea Machame, Kibosho, Marangu na Rombo mkoani Kilimanjaro, safari ya takriban kilometa 550 ambayo kwa wengi wao haina mjadala. Treni ya abiria iliporejea Moshi Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, ilipunguza adha ya kugombea tiketi, lakini haikugusa swali la msingi: siku kumi za kukaa pamoja mgombani zinaimarisha undugu kweli, au watu huenda kwa sababu tu wamezoea kwenda?

Wanaoitetea safari hii wana hoja nzito. Kihamba, shamba la migomba na kahawa walimozikwa wazee, ndipo mtoto aliyezaliwa Mbagala anapoonyeshwa kaburi la babu na kuelezwa yupi ni baba mkubwa, yupi shangazi. Isitoshe, yapo mambo ambayo simu haiyawezi. Kwa desturi ya Kichagga, aliyemkosea mwenzake humwendea na jani la isale kuomba msamaha, na anayeletewa hatarajiwi kulikataa hata kama kosa lilimchoma namna gani. Ndugu waliorushiana maneno mwaka mzima katika kundi la WhatsApp kuhusu mpaka wa shamba hujikuta wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mgomba mmoja, kata ya mbege, pombe ya ndizi, ikizunguka. Na ni vigumu kumtolea mtu lugha kali huku unampokeza kata anywe.

Hata hivyo, safari hiyo hiyo imegeuka mizani ya kupimia nani amefanikiwa mjini. Binamu yangu mmoja aliwahi kutuambia amepangiwa zamu kazini, kumbe alikosa nauli ya watu watano na aliona haya kufika bila mchango wa mbuzi. Desturi inayomfanya ndugu adanganye ili asidharauliwe imeanza kumla yule iliyopaswa kumlinda.

Kinachonisumbua zaidi ni nafasi ya kitinda mimba. Kwa mila, yeye ndiye hurithi nyumba ya wazazi, na kwa hiyo ndiye, pamoja na mkewe ambaye hatajwi sana, anayempeleka mama kliniki mwezi Aprili mvua ikinyesha na barabara ikiteleza. Desemba kaka zake huwasili na magari na kuanza kuhoji kwa nini bati halijabadilishwa. Ukilinganisha, dada aliyeko mbali asiyekuja, lakini hutuma fedha kila mwezi pamoja na ya kutolea, kisha akapiga simu kuuliza kama dawa zimepatikana, huenda amefanya makubwa kuliko mgeni wa siku kumi. Naye dada huyo, kwa mila, kihamba hakimhusu, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Familia ambayo kaka wanajadili shamba huku dada wakiosha vyombo haiwezi kujiita ya karibu kwa sababu tu wote wamelala nyumba moja.

Mimi bado nauegemea upande wa safari, ila kwa sharti. Mara nyingi kikao cha familia huwekwa siku ya mwisho, watu wakiwa wanafunga mizigo na jicho liko kwenye saa ya basi, hivyo mambo mazito hupitishwa juu juu au huahirishwa hadi mwaka unaofuata. Kikao hicho kingefanyika mwanzoni, walioshindwa kuja wakawekwa kwenye spika ya simu, na wa kwanza kupewa nafasi akawa yule aliyebaki nyumbani, aeleze mwaka ulivyokwenda na umegharimu nini, kabla mbuzi hajachinjwa.